Barabara Moja, Kodi Mbili

Mtu wa Sumbawanga akijitambulisha Dar es Salaam, utani ni ule ule: "Umekuja na ungo?" Nimeucheka mpaka umenichosha. Laiti ningekuwa nao! Ningelala kwetu Katandala, alfajiri nikapaa, saa mbili nikatua Kariakoo kazini, na mwenye nyumba wa Sinza asingeonja hata senti yangu.

Sina ungo. Kwa hiyo nilipanga.

Vijana wenzangu, nawajibu wale wanaotuambia kila siku, "Ukitaka kuwa mwandishi hamia Dar, tafuta chumba mtaa mzuri karibu na mwendokasi, mengine yatajipa." Mwaka 2018 nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, daftari la riwaya lenye kurasa 41, na kichwa kigumu. Nikashuka Ubungo. Nikapata kazi ya kutoa fotokopi kwenye steshenari Kariakoo, mshahara 150,000. Nikapata na chumba Sinza, dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha Shekilango: 80,000 kwa mwezi, choo cha kuchangia. Miezi sita mbele, na dalali naye anataka mwezi wake. Jumla 560,000.

Alilipa nani? Mzee wangu. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei huku Ufipa ikaanguka. Aliuza magunia 20, kila gunia 28,000. Piga hesabu mwenyewe. Jasho la msimu mzima liliingia mfukoni mwa mtu ambaye hakushika jembe, ili mimi nikae karibu na kituo cha basi.

Halafu nauli: 650 kwenda, 650 kurudi, siku 26. Toa hiyo, toa na kodi ya kuweka akiba, inabaki kama 1,200 kwa siku ya kula, kufua na kuugua. Usiku nikifika geto hata kalamu naiona nzito. Nilikaa mwaka mzima, riwaya ikafika ukurasa wa 44. Kurasa tatu, jamani!

Msinielewe vibaya, barabara siichukii. Mabasi yale yalipoanza Mei 2016, watu waliokuwa wakizeekea kwenye foleni ya Morogoro Road walipata nafuu. Ninachouliza ni hiki: nafuu hiyo anaivuna nani? Barabara ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo wa serikali hulipwa na wananchi wote, hata mama muuza migebuka sokoni Sumbawanga, ambaye hajawahi kuliona basi lenyewe, kila anunuapo sabuni. Hiyo ni kodi ya kwanza. Kisha mwenye nyumba anakwambia, "Hapa ni karibu na mwendokasi," anapandisha. Hiyo ni kodi ya pili. Kiswahili kimezipa zote mbili jina moja, wala hakikukosea.

Tena Sinza haikuota yenyewe kama uyoga. Miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia hiyo hiyo, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Wa Manzese waliboreshewa mtaa pale pale walipokuwa wameshajenga. Leo nenda Sinza uulize kipato cha chini kiko wapi. Kiko vyumba vya uani, kinalipa miezi sita mbele.

Wapo watakaosema: biashara huria, hutaki nenda Chanika. Sawa bwana. Lakini ni biashara gani hii ambayo maskini anamkopesha tajiri miezi sita bila riba? Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984. Ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji ni yatima. Itungwe nyingine: kodi ilipwe mwezi kwa mwezi. Na kila barabara ya umma inapopita, halmashauri ijenge kando yake vyumba vya kupangisha kwa bei ya mshahara wa mtu wa fotokopi, visiuzwe kwa yeyote.

Usidhani ni mambo ya Dar tu. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ilitokana na msaada wa Marekani, mkataba wa mwaka 2008. Tuliishangilia, nasi tulikuwa tumekula vumbi la kutosha. Niliporudi mwaka 2019 nikaulizia chumba karibu na barabara. Dalali, kijana niliyesoma naye, akaniambia bila aibu: "Miezi sita, kaka. Siku hizi tuna lami." Nikarudi kwa mzee.

Huku hakuna mchapishaji, umeme unakatika, na baridi ya Julai inagandisha vidole. Siwadanganyi kwamba ni peponi. Lakini nimefika ukurasa wa 130.

Sasa neno kwetu sisi waandishi. Nimesoma hadithi zetu nyingi za vijana. Mhusika anakaa Sinza, ana redio kubwa, ana mpenzi, anarudi usiku wa manane. Hana mwenye nyumba! Hakuna anayemgongea mlango tarehe moja. Tunaandika Dar kama vile wote tuliingia kwa ungo.

Riwaya yangu nimeianza upya. Katika ukurasa wa kwanza, mzee mmoja anapakia magunia 20 kwenye lori.