Mlango ukifunguliwa, hesabu inabadilika
Mwandishi, kwenye kupanga mwingiliano wa mawimbi umepita mbio. Kweli Cadambe na Jafar walionyesha mwaka 2008 kwamba ishara ikiwa na nguvu, kila jozi ya kisambazaji na kipokezi inaweza kubaki na karibu nusu ya uwezo wake hata jozi ziwe nyingi, lakini hesabu ile inadai visambazaji vijue njia zote za mawimbi. Tuliijaribu maabarani: jozi tatu, antena mbilimbili kila upande. Usiku chumba kikiwa kitupu ilikubali. Asubuhi mama wa usafi akafungua mlango wa chuma, akapita na ndoo ya bati, vipimo vya njia hizo vikawa vimechacha na mwingiliano ukarudi. Ndugu hapo juu unayesema kuongeza antena kunatosha, jaribu watu wakitembea! Tulilazimika kupima upya kila mara, na muda huo unakatwa kwenye kutuma data.