Krismasi ya Ugenini Si Matanga

Waandishi wenzangu chipukizi, hebu tuambiane ukweli. Hadithi zetu za Krismasi zimechosha! Kijana yuko kibaruani mji wa watu, sikukuu imefika, kajifungia chumbani analilia pilau la mama. Basi, hadithi imekwisha. Na mwandishi akiona machozi hayatoshi, anammwagia theluji. Theluji ya wapi, jamani? Desemba Karatu ni tope jekundu la vuli, na kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ni ukungu na baridi ya makoti mawili. Theluji pekee ni pamba iliyobandikwa mtini kumfurahisha mtalii.

Nendeni stendi ya Karatu tarehe 23. Wachaga wanagombea magari ya kwenda Moshi, na watu wanawasifu kwamba wanajua kwao. Sawa. Lakini nani anabaki? Mpishi wa hoteli, mhudumu, dereva wa watalii, dada wa kufua mashuka. Krismasi ndipo hoteli zinapojaa. Mwenye kibarua cha msimu akiondoka siku hiyo, atarudi akute nafasi ina mtu. Hapo anatokea mjuaji: "Mkataa kwao ni mtumwa." Nani kakataa? Hela ya mbuzi wa nyumbani imeshatumwa kwa simu!

Na aliyebaki hafanyi matanga. Watu wanachanga, mbuzi anachinjwa, pilau linapikwa uani. Mwenye zamu tarehe 25 anawekewa lake, analila tarehe 26. Kwenye sinia moja utamkuta Mwiraqw, ambaye lugha yake ni ya Kikushi, Mmaasai na Mbarbaig wenye lugha za Kiniloti, Mnyiramba na Mchaga aliyekosa gari, hao ni Wabantu. Ukishuka bonde la Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haijulikani ndugu. Na sinia zima linataniana kwa Kiswahili. Mwandishi gani anaupita utajiri huu akakope theluji?

Mtasema Krismasi ni nyumbani. Someni tena Injili ya Luka. Yusufu alitoka Nazareti akaenda Bethlehemu, mji wa babu zake, kama Mchaga wa Desemba, na bado nyumba ya wageni ikawa imejaa. Mtoto akalazwa horini. Krismasi ya kwanza kabisa ilikuwa ya ugenini, mbali na jiko la mama!

Ubaya wa hadithi za machozi ni kwamba zinaficha mambo mawili. Zinaficha raha, na zinaficha haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Wahudumu wangapi katika hadithi zetu wameulizia hela hiyo? Hakuna, kwa sababu tumewaweka chumbani wanalia. Anayelia tunampa pole tu. Anayesherehekea na wenzake anajua thamani ya siku yake, na ataidai.

Kwa hiyo andikeni sinia lile. Semeni nani alichanga, nani alikula kiporo, nani hakulipwa. Na atakayetuletea tena theluji ya Karatu, tumrudishie karatasi zake akawashie jiko la pilau.