Mega Zimekwisha, Sasisho Halijafika

Katika nyumba nyingi za Tenke na Fungurume kompyuta ni moja tu, nayo hutumiwa na wazazi na wanafunzi pamoja. Mega mara nyingi hununuliwa kwa fedha ileile ya unga. Kwa hiyo sasisho la programu likikatika njiani si jambo dogo: fedha imekwenda, na kompyuta imebaki bila kinga. Na kinga yahitajika. Tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Nayo Microsoft ilikwisha kutoa dawa yake tangu tarehe 14 Machi.

Basi tuulize kwanza: sasisho limekatikia wapi? Sisi wa Tenke twaishi penye njia panda ya reli. Itokayo Lubumbashi hugawanyika hapa, moja kwenda Kamina, moja kwenda Kolwezi hadi Dilolo. Mfano wa reli hautatushinda. Faili halisafiri zima, bali vipande vipande, kama mzigo uliopakiwa katika mabehewa mengi. Mtandao ukikatika, mabehewa yaliyokwisha kufika yapo nyumbani. Katika kivinjari cha Chrome, jina la faili hilo huishia kwa .crdownload, katika Firefox, kwa.part. Wengi huliona jina geni, wakalifuta, wakaanza upya. Masikini, wamelipia mzigo mmoja mara mbili! Usilifute. Bonyeza Ctrl pamoja na J. Orodha ya vitu vilivyopakuliwa itafunguka, nawe uchague neno Reprendre, ikiwa kivinjari chako chatumia Kifaransa. Kitaomba mabehewa yaliyosalia tu. Ziko seva zisizokubali ombi hilo, na hapo hakuna njia ila kuanza tena.

Huenda mtandao ni mzima, walakini ukurasa wakataa kufunguka. Hapo tazama saa ya kompyuta. Mashine ya zamani, ambayo betri yake ndogo ya ndani imechoka, husahau tarehe kila umeme ukikatika, ikadhani kwamba tungali katika mwaka 2009. Sasa kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kivinjari hukilinganisha na tarehe ile ya uongo, kisha hukikataa. Mwenye kompyuta huilaumu kampuni ya simu bure. Kumbe yampasa kusahihisha tarehe, basi.

Angalia nafasi pia. Flashi nyingi hupangwa kwa mtindo uitwao FAT32, usioweza kupokea faili la gigabaiti 4 au zaidi, hata flashi ikiwa tupu.

Kama kompyuta yako ni ya Windows 7, usijisumbue kutafuta Chrome mpya: toleo la mwisho kwa mashine hizo ni la 109, la Januari 2023.

Twawaonya hasa wanafunzi juu ya hila moja. Unasoma ukurasa fulani, mara latokea tangazo: kivinjari chako kimezeeka, bonyeza hapa upate kipya. Usibonyeze! Wezi hupitisha programu zao kwa mlango huo, na mtu aliyechoshwa na sasisho linalokatika-katika ndiye mwepesi kunaswa. Chrome, Edge na Firefox hujisasisha zenyewe, au kupitia menyu yao wenyewe. Hazitumi mwito kwa ukurasa wa mtu mwingine.

Ili Windows isimalize mega kwa siri, fungua mipangilio ya mtandao wako, uwashe Connexion limitée. Nyumba kadhaa zaweza pia kushirikiana: mmoja apakue kisakinishi kizima kutoka tovuti ya mtengenezaji, wengine wakinakili kwa flashi. Kisakinishi kidogo hakifai kazi hiyo, maana kikifunguliwa hupakua sehemu iliyobaki kwa mega za kila mmoja. Watengenezaji kadhaa huchapisha pamoja na faili alama iitwayo SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64. Katika Windows, amri ya certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, huonyesha alama ya nakala uliyoletewa. Herufi moja ikitofautiana, nakala hiyo ifutwe kabla ya kufunguliwa.