Msiwasingizie Vijana Wale Wawili



Wapendwa waamini, juma hili nataka kuandika juu ya jambo linalozungumzwa sana nje ya kanisa baada ya Misa, na mara nyingi linazungumzwa vibaya. Ni habari ya wale vijana wawili wenye mashati meupe na tai, wenye kibao cheusi kifuani, wanaopita mitaani mwetu kwa miguu wakibisha hodi. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa jina la Wamormoni. (Tangu mwaka 2018 viongozi wao wanaomba jina hilo la mkato lisitumike. Nikilitumia hapa ni kwa ajili ya ufupi, si kwa dharau.)

Nimesikia wanaparokia wakisema kwamba vijana hao wanalipwa mishahara minono kutoka Marekani. Nimesikia kwamba ni wapelelezi. Nimesikia pia, tena kutoka kinywa kinachopokea Komunyo Takatifu kila Dominika, kwamba wanamwabudu shetani, na watoto wa Kipaimara wamefundishwa kuwazomea wapitapo. Yote matatu ni uongo. Amri ya nane haina kifungu kinachoruhusu kumshuhudia jirani uongo kwa sababu tu dini yake si yetu.

Basi tuyatazame maisha yao kwanza, maana huwezi kubishana na mtu usiyemjua.

Tangu Oktoba 2012 wavulana wao wanaruhusiwa kwenda utume wakiwa na umri wa miaka 18. Kabla ya hapo ilikuwa 19. Wanatumikia miezi 24, na dada zao miezi 18. Kijana hachagui mahali. Anajaza fomu, anapeleka kwa viongozi wake, kisha wito unatoka makao makuu, Salt Lake City, ukimwambia kwamba atakwenda Peru, au Ufilipino, au Kenya. Hupelekwa kwanza kwenye kituo cha mafunzo, kama kile kikubwa cha Provo katika jimbo la Utah au kile cha Accra nchini Ghana, akae majuma machache, na hapo huingizwa kazini. Na si wote ni Wazungu kama wengine wanavyodhani. Wengi wanaotumwa katika nchi zetu leo ni vijana wa Kiafrika, ambao nao wako mbali na kwao. Mgeni anayejifunza Kiswahili kwa namna hiyo atakosea ngeli, ndiyo, lakini atasema. Ni wangapi kati yetu wangeweza kueleza fumbo la Utatu Mtakatifu kwa lugha waliyoanza kuisoma miezi mitatu iliyopita? Ni wangapi wangeweza kulieleza kwa lugha ya mama zao?

Kwa kawaida kijana huyo anaamka saa 12:30 asubuhi. Anafanya mazoezi ya mwili, anasali, anakula, kisha anasoma maandiko yao peke yake na pamoja na mwenzake. Baada ya hapo siku nzima ni ya barabarani na ya nyumba za watu, jua au mvua, hadi usiku, na saa 4:30 taa inazimwa. Mwenzake huyo hakumchagua. Kanuni yao inataka wasiachane, kila mmoja awe mahali ambapo mwenzake anaweza kumwona na kumsikia, isipokuwa bafuni. Mtu aliyewahi kukaa chumba kimoja na asiyepatana naye shuleni ataelewa ugumu wake. Kila baada ya majuma sita hivi inaweza kuja amri ya uhamisho: mwenzi mpya, mtaa mpya, hodi zile zile. Katika muda wote huo hana uchumba. Hata jina lake la kwanza ameliweka kando. Anaitwa kwa jina la ukoo, likitanguliwa na cheo ambacho vitabu vyao vya Kiswahili hukitafsiri Mzee. Kijana ambaye ndevu hazijamwota anaitwa Mzee! Bibi zetu hucheka wakisikia, nami sioni dhambi katika kicheko hicho.

Siku moja katika juma ndiyo ya maandalizi. Anafua, anakwenda sokoni, anawaandikia wa nyumbani. Hadi Februari 2019 sauti ya mama yake aliisikia kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, wakati wa Noeli na Siku ya Mama. Sasa wameruhusiwa kuzungumza na familia kila juma katika siku hiyo ya maandalizi.

Mama mmoja wa parokia hii aliwakaribisha akawawekea chai ya maziwa na maandazi. Wakala maandazi, chai wakaikataa. Mama akaona amedharauliwa nyumbani kwake, na habari ikaenea mtaa mzima kwamba vijana wale wana kiburi. Lakini sheria yao inawakataza chai na kahawa, pamoja na pombe na tumbaku. Alipowaletea uji waliumaliza, na walipomwona akichukua ndoo kwenda kuchota maji, mmoja wao alilegeza tai akaibeba. Sehemu hiyo ya ndoo haikuenea mtaani.

Na mishahara? Hakuna. Kijana wa Marekani, yeye mwenyewe au wazazi wake, hutoa dola 500 kila mwezi kwa ajili ya utume wake. Hadi katikati ya mwaka 2020 zilikuwa 400. Zidisha kwa miezi 24 upate dola 12,000. Anayetoka katika nchi maskini hutoa kadiri ya uwezo, na mfuko wa kanisa lao humsaidia sehemu inayobaki. Kwa maneno mengine, tunayemwita kibaraka aliyenunuliwa amelipa ili aje kufungiwa lango usoni. Sisi tulipoombwa shilingi 5,000 kwa kila familia ili vijana wetu waende hija, tulinung'unika kuanzia Kwaresima hadi Pentekoste.

Sasa nisieleweke vibaya. Sijaandika haya ili kuwasifia mafundisho yao. Ninataka mtu akiwapinga awapinge kwa ukweli, maana ukweli tunao.

Ujumbe wanaoubeba vijana hao, ukiuvua maneno matamu, ni huu: kwamba baada ya Mitume kufa Kanisa la Kristo lilipotea duniani, mamlaka ya Mungu yakaondolewa kwa wanadamu, na hayakurudi hadi Joseph Smith, aliyeunda kanisa lake tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York. Tafakari maana yake kwetu. Maana yake ni kwamba Karoli Lwanga, usiku ule wa Mei 1886 alipowabatiza wenzake kule Munyonyo, na Kizito mdogo akiwa kati yao, alimwaga maji tu. Maana yake ni kwamba moto wa Namugongo wa tarehe 3 Juni uliwateketeza watu ambao hawakuwa na Kanisa la kweli wala sakramenti ya kweli. Vijana wale watakujibu kwa upole kwamba marehemu anaweza kubatizwa kwa niaba yake ndani ya hekalu lao. Kwa sababu ya desturi hiyo, Aprili 2008 Vatikano iliagiza majimbo yasikabidhi rejista za parokia kwa shirika lao la kukusanya nasaba. Karoli Lwanga hahitaji kubatizwa mara ya pili na mtu yeyote.

Wanatamka majina ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu kama sisi, lakini hawamaanishi tunachomaanisha. Kwao hao ni watatu walio mbalimbali kwa nafsi na kwa uwepo, na Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Ndiyo sababu tarehe 5 Juni 2001 idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilijibu kwamba ubatizo wao si halali, ingawa tunaukubali ule wa Walutheri na Waanglikana. Mkatoliki aliyebatizwa nao asidhani kwamba ubatizo wake wa kwanza umefutika. Haukufutika, na njia ya kurudi ni kitubio.

Liko pia swali ambalo sisi Waafrika tuna haki ya kuwauliza. Hadi Juni 1978 kanisa lao halikuwaruhusu wanaume wenye asili ya Kiafrika kupokea ukuhani wao, ambao kwao hupewa karibu kila mwanamume mwaminifu, na watu weusi, wanaume kwa wanawake, walizuiwa ibada kuu za hekaluni. Desemba 2013 kanisa hilo lenyewe lilichapisha maelezo ya kuzikana nadharia zilizotumika zamani kuhalalisha zuio hilo. Kanisa linalosema limerudishiwa mamlaka ya Mbinguni liliishi miaka mingi kiasi hicho likimbagua mtu kwa rangi. Je, mamlaka hayo yalikuwa yakisema nini? Uliza bila matusi, kwa kuwa kijana wa miaka 19 hakuwapo. Naye akikuuliza juu ya Papa Nikolao wa Tano na ruhusa aliyompa mfalme wa Ureno mwaka 1452, iliyofungua njia ya kuwatia watu utumwani, usikimbilie jikoni. Soma, ujue cha kujibu.

Lakini mimi naumia zaidi kwa jambo jingine. Mwaka jana familia moja ya parokia yetu iliondoka ikajiunga nao. Jumuiya ikasema, wamenunuliwa. Nilikwenda nikazungumza na baba wa nyumba ile. Hakunitajia kitabu chochote wala fundisho lolote. Alisema alilala kitandani majuma matatu akiumwa mgongo, na katika majuma hayo matatu hodi zilizosikika mlangoni pake zilikuwa za vijana wale wawili. Jumuiya iliyo hatua 40 kutoka pale ilikutana kila Jumamosi, ikasali, ikakusanya mchango, ikafunga daftari.

Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa hapa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, hawakukusudia kuunda vituo vya kukusanyia zaka na kupangia misiba. Walikusudia majirani wanaojuana. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya utume iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba Kanisa zima ni la kimisionari kwa asili yake. Zima, si padre na masista peke yao. Najua jibu linalokuja: hiyo ni kazi ya katekista. Katekista mmoja, kaya mia kadhaa, baiskeli moja, na posho ambayo wote tunajua jinsi inavyochelewa.

Yawafaa wanaosema hivyo wasome historia yao wenyewe. Novemba 1882 Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, waliondoka Buganda wakavuka ziwa kuja kusini, upande wa Mwanza ya leo. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padre hata mmoja. Walei, wakiongozwa na watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, walifundishana katika nyumba zao na ndani ya ikulu ya Kabaka, na mapadre waliporudi walikuta waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo wameongezeka. Wengi wao walikuwa na umri wa vijana hawa wenye mashati meupe.

Linganisha na kijana wetu. Amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri matokeo. Ana simu, ana afya, ana miaka 18 au 19. Tangu apokee Kipaimara hakuna mtu wa parokia hii aliyemwomba kitu chochote kwa ajili ya Injili, isipokuwa kupanga viti siku ya harambee. Halafu tunashangaa akivutiwa na wanaomwambia kwamba Mungu anazihitaji siku zake zote kwa miaka miwili. Siwezi kuwaiga Wamormoni katika haraka yao. Sisi mkatekumeni humtayarisha kwa muda mrefu, wakati wao huweza kumbatiza mtu majuma machache tu baada ya kubisha hodi kwake, na sidhani kwamba imani humea kwa kasi hiyo. Lakini Bwana aliwatuma wale wafuasi 72 wawili wawili, na sijaona mahali alipobatilisha agizo hilo kwa ajili ya Wakatoliki wenye shughuli nyingi.

Kwa hiyo, kwa makubaliano na halmashauri ya walei, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao vijana wa parokia watatoka wawili wawili, saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, kwa mwaka mmoja. Watawatembelea wagonjwa na wazee kwanza, kisha wale ambao hawajaonekana kanisani tangu Pasaka. Hawatabeba daftari la michango. Kila Alhamisi jioni nitakaa nao ukumbini kwa somo la saa moja, na somo la kwanza litakuwa juu ya Utatu Mtakatifu. Wakikutana njiani na vijana wale wawili wawasalimu, na wakiwakaribisha nyumbani watoe uji au maji, si chai. Umri ni kuanzia miaka 18. Majina yafike kwa katibu wa parokia kabla ya Ijumaa jioni, na wazazi watakaowazuia watoto wao waje kunieleza sababu wao wenyewe.