Kibali cha Bastola Marekani Hakivuki Daraja

Wasee, tuongee kuhusu hizi video za watu wetu wa majuu wakiwa na bastola kiunoni. Sisi huku tunamwaga moto kwa komenti, "ameomoka huyo!" Hakuna anayeuliza kama anaruhusiwa kuwa nayo, ama itakuwaje akivuka jimbo.

Msimamo wangu ni huu: jimbo lina haki ya kuwa na sheria kali za bunduki. Lakini sheria ikibadilika ukivuka daraja tu, na mgeni hana mlango wa kuomba kibali, hiyo si sheria kali. Ni mtego.

Hapa Kenya cheti cha silaha hutolewa na bodi moja. Ukikipata Nairobi, hakiishi nguvu Mtito Andei. Marekani kila jimbo lina lake. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayadai kibali kubeba bastola iliyofichwa, Texas ikiwemo tangu 2021. Utah humpa kibali hata mtu asiyeishi huko. Minnesota, ambako Wakenya wamejaa, mgeni anaweza kuomba kwa sherifu wa kaunti yoyote baada ya mafunzo. Lakini kibali cha Utah kinafanya kazi tu kwenye majimbo yaliyokubali kukitambua. New York, New Jersey na California hazitambui cha jimbo lingine lolote.

Muulize Shaneen Allen. Oktoba 2013, mama huyu wa Philadelphia alikuwa na kibali halali cha Pennsylvania. Akavuka kuingia New Jersey, polisi wakamsimamisha kwa kosa la barabarani, na yeye mwenyewe akawaambia ana bastola na kibali. Walimkamata. Alikaa jela zaidi ya mwezi na akakodolewa macho na kifungo cha miaka, mpaka gavana Chris Christie akamsamehe Aprili 2015. Alikuwa mkweli, na ukweli ndio uliomponza.

Wengine wanasema dawa ni kulazimisha kila jimbo litambue vibali vya mengine. Bunge la Wawakilishi lilipitisha mswada wa hivyo Desemba 2017, ukakwama Seneti. Mimi siuungi mkono. Kuna majimbo hayadai hata saa moja ya mafunzo, kwa hivyo yale makali yangelazimika kupokea viwango vya yale malegevu. Mgeni afanye mtihani uleule wa mwenyeji, alipe ada ileile, apewe kibali. Basi. Kama Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2022 kwamba kubeba bastola nje ya nyumba ni haki ya kikatiba, haki hiyo haiwezi kukosa hata dirisha la kuiombea.

Sasa wewe mwenye viza ya masomo ama ya kutembea, haya yote ya majimbo hayakuhusu sana, kwa sababu sheria ya taifa imeshakufungia. Huruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama leseni halali ya uwindaji. Kuikodisha kwa uwanja wa shabaha ulenge mara mbili, hiyo pia inahesabika. Kwamba Texas haidai kibali haikuokoi. Adhabu inaweza kufika miaka 15, na ukimaliza kuna kurudishwa nyumbani. Mwenye green card hayuko kwa hilo katazo, lakini akipatikana na hatia ya bunduki, yeye pia anaweza kufukuzwa.

Kwa anayeruhusiwa na anasafiri kwa gari: sheria ya 1986 inakulinda ukipita jimbo kali, mradi unaruhusiwa kuibeba unakotoka na unakoenda. Toa risasi, ifungie kwenye buti. Kiunoni ama kwa dashibodi, uko peke yako.

Najua wengine watasema nina wivu. Sawa. Lakini siku hiyo video ikigeuka ushahidi, ni sisi tutaongezwa kwa grupu ya WhatsApp kuchangia wakili, na mama yake ndiye atauza shamba. Kama una binamu Dallas ama Minneapolis, mtumie hii kabla hajapost.