Mtoto Anafikia Wapi?

Barua za kukubaliwa chuo zikianza kufika Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi, makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa London nayo huchangamka. Ujumbe ni ule ule kila mwaka: "Wapendwa, kuna mtoto wa dada yangu anakuja Septemba, mwenye kujua chumba anisaidie." Chini yake hufuata hongera nyingi na dua nyingi. Wiki zinapita, tiketi inakatwa, na swali la mama yake bado halina jibu: mtoto anafikia wapi?

Bei inaeleza sehemu ya ukimya huo. Katika mwaka wa masomo wa 2024/25, wastani wa pango katika majengo ya wanafunzi London ulifika pauni 13,595 kwa mwaka, ilhali mkopo mkubwa kabisa ambao serikali ilimpa mwanafunzi Mwingereza anayesoma jijini ulikuwa pauni 13,348. Mwenye nchi yake, tena mwenye mkopo kamili, angeumaliza wote kwenye chumba kabla hajanunua mkate. Mgeni kutoka kwetu ana hesabu nyingine. Uhamiaji humtaka aonyeshe pauni 1,529 kwa kila mwezi wa masomo London, hadi miezi 9, yaani pauni 13,761 mbali na ada, na fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo. Wazazi wengi huichukua hesabu hiyo kuwa ndiyo gharama ya maisha. Siyo. Mabweni ya kampuni binafsi mara nyingi hukodishwa kwa mkataba wa wiki 51, kwa hiyo fedha iliyopigiwa hesabu ya miezi 9 inakutana na pango la karibu mwaka mzima.

Hata hivyo, kinachowakwamisha vijana wetu zaidi ya bei ni mdhamini.

Mwenye nyumba wa London, au wakala wake, anataka mtu anayeishi Uingereza, mwenye kipato kinachoonekana kwenye karatasi, atie saini kwamba mpangaji akishindwa kulipa, yeye atalipa. Baba mwenye maduka mawili Kariakoo hahesabiki, maana kumdai mtu aliye Dar es Salaam kupitia mahakama ya Uingereza ni kazi ambayo wakala hataki hata kuifikiria. Asiye na mdhamini ameambiwa kwa miaka mingi alipe pango la miezi sita, au la mwaka mzima, kwa mkupuo. Mzazi wa Dar es Salaam hashtuki sana, kwa kuwa hata kwao mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita mbele. Tofauti ni kwamba miezi sita ya London inaweza kula kiwanja.

Sheria ya Haki za Wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 imegusa jambo hilo. Kwa mikataba mipya ya nyumba za watu binafsi nchini England, kuanzia tarehe 1 Mei 2026, mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya pango la mwezi mmoja mbele. Ni habari njema, lakini isisomwe nusu. Mabweni binafsi yaliyo chini ya kanuni zinazotambuliwa na serikali hayamo kwenye katazo hilo. Na mwenye nyumba aliyekuwa akituliza hofu yake kwa miezi sita ya mkupuo, sasa ataiweka hofu yote kwenye saini ya mdhamini. Kwa kijana asiye na mtu hapa, mlango huu mmoja umefunguliwa huku mwingine ukizidi kuwa mzito.

Wanaokosa mdhamini huenda wapi? Huja kwetu. Wengi hupokelewa vizuri, na katika jumuiya hii wapo kina mama waliolaza vijana wa watu kwa miezi bila kuwatoza hata senti. Wapo pia wanaotoza, na hapa jarida hili litasema wazi. Sebule inagawanywa kwa pazia, godoro linawekwa nyuma ya kochi, kijana analipa pango la chumba kamili, hana mkataba, hana risiti, na anaambiwa asipokee barua zake kwenye anwani hiyo. Bila mkataba wala barua yenye anwani, hata kufungua akaunti ya benki kunamwia vigumu. Kwa nyumba za kupanga zenye leseni ya kuishi watu wa familia mbalimbali, sheria ya England inataka chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja kisipungue mita za mraba 6.51, na cha wawili 10.22. Nyuma ya kochi hapafiki hapo. Na aliyepewa nyumba ya halmashauri kisha akaipangisha yote kwa wengine anatenda kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2013. Kumbana namna hiyo mtoto wa mwenzio ni dhuluma, hata kama anashukuru kwa kuwa hana pengine pa kwenda.

Kuna haki ambazo kijana anapaswa kuzijua kabla hajapanda ndege. Tangu Juni 2019, wakala haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya kuonyeshwa nyumba wala ya kuandaliwa mkataba. Fedha ya kushikilia chumba haizidi pango la wiki moja, na dipoziti, kwa pango lisilofika pauni 50,000 kwa mwaka, haizidi la wiki tano. Dipoziti hiyo lazima iwekwe ndani ya siku 30 katika mmoja wa mifuko mitatu inayotambuliwa na serikali. Mwenye nyumba asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa kumlipa mpangaji hadi mara tatu yake. Lakini anayeishi ndani ya nyumba pamoja na mwenyewe, kama wanavyoishi wengi wanaofikia kwa jamaa, hana kinga ya mifuko hiyo. Kwake yeye karatasi yenye saini za pande mbili, hata ya ukurasa mmoja, ndiyo kinga.

Halafu wapo matapeli. Picha ni za kupendeza, pango ni nafuu kuliko mtaa wote, na mwenye nyumba siku zote "yuko safarini kikazi", funguo zitatumwa kwa posta dipoziti ikishaingia. Kwa pauni 7 mtu yeyote anaweza kupata mtandaoni, kwenye tovuti ya HM Land Registry, jina la mmiliki wa nyumba iliyosajiliwa. Hata hivyo karatasi haitoshi. Anatakiwa mtu wa kwenda. Mwenyeji aliyezoea anajua cha kutazama: anasogeza kabati aone kama ukuta una ukungu, anafungulia maji ya moto na kusubiri, anauliza mita ya umeme ni ya kulipia kabla au la, anahesabu miswaki bafuni, kwa sababu nyumba iliyotangazwa kuwa ya watu wanne huenda ina miswaki tisa. Yote hayo yanarekodiwa kwa simu na kumfikia mzazi jioni ile ile. Ni kazi ya Jumamosi moja.

Kwa hiyo jarida hili linaiomba kamati ya jumuiya mambo mawili kabla ya Julai, msimu wa vyumba unapopamba moto. La kwanza ni orodha ya watu wa kukagua nyumba, kila mmoja katika mtaa anaoujua. La pili ni zito zaidi: mfuko wa udhamini, ili mzigo usimwangukie mjomba mmoja mwenye mshahara mzuri. Anayetia saini aisome kwanza. Katika nyumba ya mkataba wa pamoja, mdhamini wa mmoja anaweza kudaiwa pango la nyumba nzima. Ni lazima iandikwe kwamba dhamana ni ya sehemu ya kijana wake tu, kwa kiasi na muda uliotajwa. Mzazi naye aweke akiba kwenye mfuko, na kijana aulize chuo chake kwanza, maana baadhi ya vyuo vikuu huwadhamini wanafunzi wao wenyewe.

Na anayekaribisha mwanafunzi nyumbani asiogope Council Tax, yaani kodi ya halmashauri. Mwanafunzi anayesoma muda wote hahesabiwi: mtu mzima anayeishi peke yake na kupata punguzo la asilimia 25 haachi kulipata kwa sababu amempa mwanafunzi chumba. Anachotakiwa ni kuitaarifu halmashauri na kuambatisha barua ya chuo. Wenye vyumba kuanzia Septemba, na hata kwa wanaoingia Januari, waandikie kamati sasa, wataje pango wanalotaka, ukubwa wa chumba na kituo cha treni kilicho karibu.