Wana Rungwe, Tuwapime Wakiwa Wamesimama

Ndugu zangu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba, Mwakaleli na vijiji vyote vya Rungwe, nawaandikia kwa ajili ya wagonjwa tulio nao majumbani na tusiowaamini.

Mnawajua. Mtu aliugua homa na kikohozi, akajifukiza, akapona. Baada ya wiki kadhaa kazi zikaanza kumshinda. Akiinuka moyo unamwenda mbio, macho yanaingia giza, mikono inatetemeka. Akilala hali inatulia. Zahanati anapimwa presha akiwa amekaa, inakuwa sawa. Malaria haionekani. Anaambiwa hana ugonjwa, naye anarudi nyumbani kuitwa mvivu. Katika wilaya ambayo mtu huheshimiwa kwa jembe lake, jina hilo linaumiza kuliko homa yenyewe. Wengine huambiwa wamerogwa, na fedha ya mbolea ikaishia kwa mganga.

Huyu huenda ana ugonjwa wa kweli, na kipimo chake cha kwanza kinahitaji kitanda, saa na mashine ya presha.

Mwili una mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe bila sisi kuiamuru. Ndiyo inayosimamia mapigo ya moyo, jasho, usagaji wa chakula na upana wa mishipa ya damu. Ukisimama, zaidi ya nusu lita ya damu hushukia tumboni na miguuni. Mara moja mishipa hiyo ya fahamu huibana mishipa ya damu na kuuhimiza moyo kidogo, ili ubongo usikose damu. Virusi vinaweza kuuvuruga utaratibu huu hata homa ikiwa imekwisha. Watafiti wanadhani kinga ya mwili huwa imegeuka kuushambulia mwili wenyewe, au nyuzi ndogo za fahamu zimejeruhiwa, au vyote viwili. Damu hubaki chini, na moyo hukimbia kufidia. Hali hii madaktari huiita kwa kifupi POTS, na tangu UVIKO-19 uingie duniani imeonekana kwa watu wengi. Virusi vya UKIMWI navyo vinaweza kuidhuru mishipa hiyo, jambo ambalo mkoa wetu wa Mbeya hauna budi kulitilia maanani katika kliniki zake.

Ardhi hii imewahi kuuona uchovu unaobaki baada ya homa. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu Langenburg, na vita vikala vyakula na wapagazi. Kisha yakaja mafua makubwa ya 1918, na nyuma yake njaa kali, ambayo James Ellison ameiandikia historia katika eneo hili la kusini magharibi mwa Tanzania. Wapo wanaoihusisha njaa hiyo na ulegevu ulioachwa na mafua: mvua za mwisho wa 1918 ziliponyesha, walionusurika hawakuwa na nguvu za kupanda. Hakuna aliyewapima mababu zetu mapigo ya moyo, kwa hiyo siwezi kusema mishipa yao ya fahamu ilikuwa na nini. Ila najua kwamba mkulima asiyeweza kusimama huishia kwenye njaa, na kaya yake pamoja naye.

Kipimo chenyewe ni hiki. Mgonjwa alale dakika 5 hadi 10, ahesabiwe mapigo na kupimwa presha. Kisha asimame bila kuegemea, mtu akiwa karibu asije akaanguka, apimwe tena dakika ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko bila presha kushuka, na dalili zimedumu miezi mitatu au zaidi, mhudumu ana pa kuanzia. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 19 kiwango ni 40. Presha ikiporomoka, hilo nalo lina tiba yake. Wingi wa damu, ujauzito, tezi ya shingo na upungufu wa maji viangaliwe pia, maana vinaweza kuleta dalili zilezile.

Tena asiombwe cheti cha kuthibitisha kwamba aliugua UVIKO. Mwaka 2020 na 2021 wengi wetu tuliugua "changamoto ya upumuaji" majumbani bila kupimwa. Shirika la Afya Duniani, lilipoieleza hali ya baada ya UVIKO Oktoba 2021, lilihesabu hata maambukizi yanayodhaniwa tu.

Nguvu tunayo. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati hupokea fedha moja kwa moja, na kamati zake za usimamizi zina wananchi ndani yake. Tuwaombe wajumbe hao waingize kwenye mpango mashine ya presha inayofanya kazi, na kipimo cha kusimama kwa kila anayelalamika kizunguzungu na uchovu usioisha. Halmashauri ya Rungwe na ya Busokelo ziwape wahudumu mafunzo. Siku moja inatosha kuanzia.

Nyumbani na kazini kuna la kufanya leo. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, lita 2 hadi 3 kwa siku, aamke kwa hatua. Chumvi asiongeze bila kuelekezwa, kwani mwenye presha ya juu au figo mbovu itamdhuru. Kazi agawe vipande vipande. Akilazimishwa kumaliza shamba kwa siku moja anaweza kulala siku kadhaa. Vyama vya wakulima wa chai viweke mabenchi kwenye vituo vya kukusanyia majani, watu wasisimame wakisubiri gari. Walimu wamruhusu mtoto anayezimia mstarini akae. Msibani, kijana akiomba kiti asichekwe.

Kabla ya mkutano ujao, kila kitongoji kimpelekee mtendaji wa kijiji idadi ya watu wa namna hii, bila majina, ili hoja iingie kwenye ajenda. Mwenye mgonjwa anayeweza kutembea, na aliye radhi kusema, aje naye mkutanoni, apewe nafasi ya kuzungumza akiwa amekaa.